Usianze na Namba Moja: Komiki za Mashujaa kwa Msomaji Mpya

Nina duka la steshenari hapa Sinza, hatua chache kutoka kituo cha Mori. Natoa kopi, naprinti, nabaindi ripoti za wanafunzi wa Mlimani, nalaminisha vyeti. Nyuma ya mashine ya kopi ipo rafu ya mbao yenye komiki 80 na ushee, nilizozikusanya moja moja kwa miaka 18. Siziuzi. Naziazimisha kwa daftari: jina, tarehe ya kuchukua, tarehe ya kurudisha. Mtu akirudisha namuuliza swali moja kuhusu ukurasa wa mwisho, na akishaondoka naweka alama pembeni mwa jina lake. Vema kama alimaliza, mstari kama aliishia njiani.

Daftari la sasa ni la tatu. Haya ninayoandika nimeyasoma humo, kwenye alama.

Mwaka juzi alikuja binti wa mwaka wa pili kubaindi ripoti ya mafunzo kwa vitendo. Macho yake yakatua kwenye rafu.

"Shikamoo anko. Hivi vitabu unauza?"

"Marahaba. Naazimisha tu. Umeshawahi kusoma komiki?"

"Sijawahi. Ila filamu zao nimeziona zote."

Akavuta kitabu kinene kuliko vyote, Crisis on Infinite Earths, kwa kuwa jalada lake limejaa watu wa kila rangi. Nilimwachia. Siku ya pili yake akakirudisha. "Anko, ni kama nimeingia kwenye msiba wa watu nisiowafahamu. Wote wanalia, mimi hata marehemu simjui."

Sijasikia maelezo sahihi kuliko hayo. Kitabu kile kilitoka kwa matoleo 12 mwaka 1985 na 1986, ili kampuni ya DC isafishe hadithi zake za karibu miaka 50 ambazo zilikuwa zimeanza kupingana zenyewe kwa zenyewe. Flash anakufa humo. Supergirl anakufa humo. Kwa aliyewafuata tangu utotoni kurasa zile zinachoma. Kwa aliyefika jana ni majina na mavazi tu. Nikaweka mstari kwenye daftari, na tangu siku hiyo sijamwachia mgeni achague peke yake.

Ninachomwambia kila anayeuliza aanzie wapi ni hiki: tafuta hadithi inayoanza na kuisha ndani ya jalada moja, na achana na kutafuta namba 1. Najua inakwenda kinyume na mazoea. Tamthilia zimetuzoesha kwamba ukikosa sehemu ya kwanza umeachwa. Komiki za mashujaa hazikujengwa hivyo. Superman alitoka mara ya kwanza kwenye Action Comics namba 1, Juni 1938. Batman alifuata Mei 1939, tena kwenye namba 27 ya Detective Comics, yaani gazeti lilikuwa limeshatembea miaka miwili bila yeye. Spider-Man alizaliwa Agosti 1962 katika Amazing Fantasy namba 15, na hiyo ndiyo ilikuwa namba ya mwisho ya gazeti hilo. Tangu hapo hadithi zao zimepita mikononi mwa waandishi na wachoraji wengi mno, na bado zinaendelea kutoka. Huhitaji kuzisoma zote. Fikiria hadithi za Abunuwasi: nani aliwahi kukuuliza ile ya kwanza ni ipi? Ulisimuliwa moja nzuri, ukaipenda, ukadai nyingine.

Ujue pia tofauti ya toleo na kitabu, maana wauzaji huzichanganya. Toleo ni kijigazeti chembamba cha kurasa ishirini na kitu, hutoka kila mwezi. Kitabu ni matoleo manne, sita au 12 yaliyounganishwa chini ya jalada moja. Wewe unayeanza unataka kitabu.

Kitabu ninachompa karibu kila mgeni ni Batman: Year One. Mwandishi ni Frank Miller, mchoraji ni David Mazzucchelli, rangi ni za Richmond Lewis. Kilitoka mwaka 1987 katika matoleo manne tu, Batman namba 404 hadi 407. Ukikaa nacho Jumamosi baada ya chakula cha mchana, magharibi haijaingia umemaliza.

Watu wawili wanaingia mji wa Gotham siku moja, tarehe 4 Januari. Mmoja ni Bruce Wayne, tajiri kijana anayerudi kwa ndege baada ya miaka mingi ugenini. Mwingine ni Jim Gordon, luteni wa polisi aliyehamishiwa mji huo, anakuja kwa treni, na mkewe mjamzito atamfuata. Hadithi inakwenda kwa tarehe kama shajara, mwezi kwa mwezi, hadi Desemba. Na hapa ndipo wasomaji wangu wanaposhtuka: mwenye hadithi hasa ni Gordon. Ni askari safi katika jeshi lililooza kuanzia juu, na wenzake wanamvizia na kumpiga kwa magongo ili ajifunze kunyamaza. Nani hana ndugu aliyepangiwa kazi mahali akakuta wenzake wana mgawo wao, yeye akaukataa, na kuanzia hapo maisha yakawa magumu? Huhitaji kuijua Marekani ili kumwelewa Gordon.

Mwishoni mwa sura ya kwanza kuna kurasa ambazo mimi nazitumia kufundishia. Bruce ametoka mtaani usiku wake wa kwanza na mambo yamemwendea vibaya: amechomwa kisu, amepigwa risasi na polisi. Ameketi nyumbani gizani, damu inamtoka, mbele yake ipo sanamu ya kichwa cha baba yake aliyeuawa. Karibu naye kuna kengele. Akiipiga, mtumishi wake Alfred atakuja na kuizuia damu. Haipigi. Anazungumza na baba, anaomba aonyeshwe njia. Kisha popo anapasua kioo cha dirisha na kuingia.

Ukifika hapo, funika maneno kwa kiganja. Tazama picha peke yake, fremu hadi fremu, ukurasa mzima. Utaona Mazzucchelli hachori vitu vingi. Anaacha weusi uenee, halafu anatoboa mwanga kidogo pale anapotaka uangalie. Sasa ondoa kiganja, rudi mwanzo wa ukurasa, soma maneno. Utaona pia kwamba mawazo ya Bruce yana mwandiko wake na ya Gordon yana wake. Asiyeangalia mwandiko huchanganya nani anawaza nini, halafu anasema kitabu hakieleweki.

Kosa la wasomaji wapya wengi ni hilo: wanasoma maputo ya maneno kama wanavyosoma meseji, wanaruka kutoka puto hadi puto, wanafunua ukurasa. Dakika 20 kitabu kimekwisha na hawajaona chochote. Mchoro ni nusu ya hadithi, na mara nyingi ni zaidi ya nusu. Mimi jicho hilo nililipata kwenye gazeti la Sani, nikisubiri zamu yangu kwa kinyozi Magomeni. Kabla sijasoma vizuri nilishajua Ndumilakuwili anadanganya kwa jinsi macho yake yalivyochorwa, na nilijua Lodi Lofa anakwenda kuumbuka kabla ya yeye mwenyewe kujua. Kwa hiyo kama uliwahi kusoma Sani, au Kingo ya James Gayo, usijiite mgeni. Kusoma komiki unajua tayari. Unabadilisha mtaa tu.

Baada ya Batman nampeleka mtu kwa Spider-Man. Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video tunajua kwamba steringi hafi. Sasa kama hafi, kwa nini tuhangaike kumwangalia? Jibu langu limo katika The Amazing Spider-Man namba 31 hadi 33, zenye tarehe za Desemba 1965 hadi Februari 1966, kazi ya Stan Lee na Steve Ditko.

Shangazi May amelazwa. Peter Parker aliwahi kumtolea damu, na damu yake ina mionzi ambayo sasa inamuua mama huyo polepole. Dawa inayoweza kumsaidia ni kichupa kimoja, nacho kimeibwa. Peter anakifuata hadi maficho ya adui chini ya maji, na huko mtambo mkubwa wa chuma unamwangukia. Namba 33 inaanza akiwa chini ya chuma hicho. Kichupa kiko sakafuni mbele yake, anakiona, mkono haufiki. Dari inavuja, maji yanaongezeka.

Filamu ingelimaliza jambo hili kwa sekunde chache. Ditko anachukua kurasa kadhaa. Fremu zinaanza ndogo, zimembana kijana kama chuma chenyewe kinavyombana. Anajaribu, anashindwa. Anamkumbuka mjomba wake aliyekufa kwa sababu yeye alizembea. Anajaribu tena. Fremu zinaanza kutanuka, na anapofaulu kunyanyua, ukurasa wote ni wake. Katika kurasa hizo hakuna adui wa kupigana naye. Kuna kijana, chuma, maji, na dawa ya mgonjwa.

Mimi nilizisoma mara ya kwanza mwaka ambao nilizunguka maduka ya dawa ya Kariakoo nusu siku nzima na cheti cha mama yangu mkononi, kila duka likinielekeza kwa jirani. Jioni dawa ilipatikana. Usiku nikafungua kitabu hicho bila kujua kilichomo. Sitaeleza zaidi; ukiwahi kukimbizana na dawa ya mtu wako, utaelewa kwa nini nakiweka rafu ya juu na kukiazimisha kwa siku tatu tu.

Tahadhari moja: Stan Lee anapenda maneno. Mashujaa wake wanaeleza wanachofanya huku wanakifanya, kwa sababu aliwaandikia watoto waliolipa senti 12 na walitaka kuridhika. Usichoke. Kiganja kinasaidia hapa kuliko mahali pengine popote.

Ukishampenda Peter, soma namba 121 na 122 za mwaka 1973, za Gerry Conway na Gil Kane. Zinajulikana kwa jina la The Night Gwen Stacy Died, na jina limeshasema yote. Steringi hakufa. Usizisome kwenye daladala.

Superman ana shida yake kwa vijana wa hapa. "Anko, huyu nani atamuweza? Hana raha." Nimesikia hilo mara nyingi, na kila mara natoa All-Star Superman, ya Grant Morrison na Frank Quitely, matoleo 12 yaliyotoka kati ya 2005 na 2008. Ukurasa wa kwanza una picha nne na maneno manane tu ya Kiingereza, na kwa hayo manane umeshasimuliwa sayari yake ilivyoangamia, wazazi wake walivyomrusha angani, na wakulima walivyomwokota. Kuanzia hapo habari ni hii: Superman amekaribia jua kupita kiasi akiokoa watu, nguvu ya jua imemzidi, na mwili wake umeanza kufa. Basi anafanya nini mtu asiyeshindwa akijua siku zake zinahesabika? Anapanga shughuli zake. Anamalizia kazi. Anaaga bila kuwaambia watu kwamba anaaga.

Katika toleo la 10 kuna ukurasa mmoja ambao nauonyesha hata kwa mteja aliyekuja kutoa kopi ya kitambulisho. Msichana amesimama ukingoni mwa ghorofa, anataka kujirusha. Daktari wake alichelewa, akaona ameachwa. Superman anatua nyuma yake, hamkamati, hamkemei. Anamwambia msichana kwamba daktari wake kweli alicheleweshwa, na kwamba yeye msichana ana nguvu kuliko anavyodhani. Kisha anamkumbatia. Ndiyo yote. Mwenye nguvu za kusukuma sayari anatumia ukurasa mzima kumshika binti mmoja begani. Aliyeniambia Superman hana raha, nikimwonyesha ukurasa huo, hukaa kimya kwanza.

Kama Kiingereza kinakupa taabu, chukua Superman for All Seasons ya Jeph Loeb na Tim Sale, 1998. Ni sehemu nne, kila moja na msimu wake na msimuliaji wake: baba yake mlezi, Lois Lane, Lex Luthor, kisha Lana Lang wa kijijini kwao. Michoro ni mipana, maneno ni machache, na unaweza kukaa kwenye picha ya shamba lao dakika nzima. Misimu yao si yetu, lakini anayejua mkulima wa huku anavyotazama mawingu kabla ya masika hatashindwa kumwelewa Jonathan Kent akitazama shamba lake.

Suala la Kiingereza halina budi kusemwa wazi, kwa sababu vitabu hivi havipatikani kwa Kiswahili. Komiki nyingi za zamani zimeandikwa kwa herufi kubwa tupu, na hilo huchosha macho ya asiyezoea. Neno usilolijua, liache; tazama uso wa anayesema, mara nyingi unatosha. Likirudi mara ya tatu, ndipo ulitafute kwenye kamusi. Nina wateja wawili, mtu na mdogo wake, ambao husoma pamoja kwa sauti, mmoja anachukua wahusika wazuri na mwingine wabaya, na huyo mdogo sasa anasoma Kiingereza bila kusukumwa.

Kwa wanafunzi wa sekondari ninayo Ms. Marvel ya mwaka 2014, ya G. Willow Wilson na Adrian Alphona. Wapo watakaosema hiyo si ya kale. Kwangu hadithi inayogombaniwa kila likizo imeshafuzu. Kamala Khan ni binti wa miaka 16 wa Jersey City, Mwislamu, wazazi wake wametoka Pakistani. Usiku mmoja anatoroka kwenda sherehe aliyokatazwa na baba, anarudi akiwa na nguvu za ajabu, na msukosuko wa nyumbani ni mkubwa kuliko wa maadui. Wasichana wa mtaa huu wanamjua baba huyo. Wanamjua na kaka yake anayesali bila kukosa, na mama anayeuliza maswali kumi mlangoni.

Sasa tuje Afrika, kwa sababu kila mtu hapa ananiuliza kuhusu Wakanda.

Black Panther alionekana kwanza Julai 1966 katika Fantastic Four namba 52, ya Stan Lee na Jack Kirby. Lakini hadithi yake ya kusoma ni Panther's Rage, iliyotoka 1973 hadi 1975 ndani ya gazeti lililoitwa Jungle Action, namba 6 hadi 18. Jina la gazeti lilikuwa la enzi mbaya, la wazungu wanaoruka mitini. Don McGregor alipopewa gazeti hilo alifanya jambo la maana: aliiweka hadithi nzima ndani ya Wakanda, na karibu wahusika wote wakawa weusi. Sehemu kubwa imechorwa na Billy Graham, Mmarekani mweusi, na mwili wa T'Challa, mfalme ambaye ndiye Black Panther, katika michoro yake una uzito, unajeruhiwa, unachoka. Mfalme amerudi kutoka Marekani, na raia wake wanamuuliza alikuwa wapi wakati wao wanateseka. Hilo ni swali la kweli, na kitabu hakilikwepi. Ila lugha ya McGregor ni nzito, sentensi ndefu. Isome baada ya vitabu vitatu vinne, sura moja kwa siku.

Ororo, anayeitwa Storm, wa kundi la mashujaa la X-Men, mimi nampenda na nina kinyongo na walivyomleta. Alitokea mara ya kwanza mwaka 1975 katika Giant-Size X-Men namba 1, ya Len Wein na Dave Cockrum. Anakutwa Kenya, watu wamempigia magoti wakimwomba mvua kama mungu. Mwaka huo Nairobi ilikuwa na jengo la KICC limesimama tayari, lakini kwenye kitabu hakuna mji, hakuna basi, hakuna mtu mwenye kazi. Waliochora walikuwa mbali sana na majirani zetu. Nakuambia usome hata hivyo, kwa sababu ya kilichofuata. Chris Claremont aliwaandika X-Men kuanzia 1975 hadi 1991, na mikononi mwake Ororo akawa mtu kamili: mama yake ni Mkenya, baba yake Mmarekani, aliachwa yatima Cairo nyumba ilipowaangukia, na ndiyo maana mwanamke anayeamuru radi anaogopa vyumba vya kubana. Baadaye anakuwa kiongozi wa kundi zima. Fuata hapo hadi hadithi ya Dark Phoenix, namba 129 hadi 137 za gazeti la X-Men, mwaka 1980, ambayo Claremont aliitunga na mchoraji John Byrne. Hapo ndipo utajua kwa nini watu wanalia kwa ajili ya watu wa karatasi.

Watchmen nitaitaja kwa ufupi, kwa sababu kila mtu ameisikia na anaitaka kwanza. Ni ya Alan Moore na Dave Gibbons, matoleo 12 ya 1986 na 1987, kurasa nyingi zimegawanywa fremu tisa zinazolingana. Ni kazi kubwa. Lakini inawasuta mashujaa, na utamu wa kumsikia mtu akisutwa ni mpaka uwe umemsikia kwanza akisifiwa. Vivyo hivyo The Dark Knight Returns ya Frank Miller, 1986, Batman akiwa na miaka 55: isome baada ya Year One, uone mwanzo na machweo ya mtu yule yule kutoka kalamu ile ile. Vyote viwili vina mambo ya watu wazima, na The Killing Joke ya 1988, nayo ya Batman, zaidi. Hivyo vitatu simpi mwanafunzi wa sekondari, hata aje na kaka yake.

Namna ya kuvipata hapa mjini: vingi vya vitabu vyangu vimetoka kwa wauza vitabu vya mtumba wanaotandaza kando ya njia kule Posta. Komiki huwa chini kabisa ya boksi, kwa kuwa muuzaji anaona ni za watoto. Mwamkie, inama, pekua. Ukikishika kitabu, fungua ukurasa wa maandishi madogo mwanzoni; pale pameandikwa kimekusanya namba ngapi hadi ngapi za gazeti gani. Linganisha na namba nilizotaja humu. Kisha kifungue katikati, taratibu. Joto la Dar linaikausha gundi, na kitabu kinachotoa mlio wa kukatika kitakuachia kurasa mikononi kabla ya wiki. Kikishakuwa chako, usikiegemeze ukuta wa nje wakati wa masika. Nilipoteza vinne namna hiyo, ukungu ulivila kutoka mgongoni.

Kwa simu inawezekana, zipo programu za kulipia kwa mwezi. Ila zima ile hali inayokuonyesha fremu moja moja. Kurasa za Ditko nilizozieleza hapo juu zinakufa kabisa ukizikata vipande, kwa sababu ukubwa wa fremu ndio hadithi. Azima tableti kama unaweza.

Na wapo wanaoniletea flashi yenye kitabu kizima cha wizi wakitaka niwaprintie. Mashine ninayo, wino ninao, pesa naihitaji, na sifanyi. Jerry Siegel na Joe Shuster waliuza haki zote za Superman mwaka 1938 kwa dola 130. Vijana wawili, dola 130, halafu dunia nzima ikamvaa shujaa wao kifuani. Ilichukua hadi mwaka 1975 ndipo wakapewa malipo ya kila mwaka na majina yao yakarudishwa kwenye kazi yao. Bill Finger, aliyemtunga Batman pamoja na Bob Kane, jina lake liliingizwa rasmi mwaka 2015, yeye amekufa tangu 1974. Watu hawa wamenyang'anywa vya kutosha. Njoo uazime, ni bure, na ukipenda kitabu nitakuelekeza kwa muuzaji.

Yule binti wa msiba nilimpa Year One siku ile ile aliyorudisha Crisis. Alikuja tena Alhamisi, lakini hakuingia. Alisimama mlangoni anamalizia kurasa nne za mwisho, begi begani, huku mashine ikitoa kopi za mtu mwingine. Nikaliandika jina lake kwenye daftari, na mbele yake Spider-Man 31 hadi 33, kabla hajaomba. Ana vema 14 sasa. Mwezi uliopita alinyoosha mkono tena kwenye kile kitabu kinene, akanitazama kwanza, nikamwambia chukua. Bado kiko kwake.